Sahani ni ya mteja, jicho ni letu



Tangu mkutano wa mwezi uliopita kuna swali moja linalotufuata sokoni, mtoni na hata kwenye mlango wa darasa. Wengine huliuliza kwa upole, wengine kwa hasira kidogo: kwa nini tulikataa kupiga picha kama yule mnunuzi wa Goma alivyotaka, huku kila nyumba hapa Karuba inatafuta pesa ya kulipia watoto wa sekondari? Swali hilo ni la haki. Tulilijibu kwa mdomo siku ile, lakini watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa inapiga mabati, na kila mmoja alirudi nyumbani na kipande chake cha jibu. Tumeona ni vizuri tuandike jibu lote, pamoja na yale tuliyojifunza katika kazi hii ya kupiga picha chakula cha kuuza, ili atakayetuhukumu atuhukumu akiwa anajua.

Sisi tunaoandika ni walimu wa shule ya msingi. Asubuhi tunashika chaki, jioni tunashika telefone ya chama. Picha hatukuzisomea. Kwenye chuo cha ualimu tulifundishwa kuandaa somo, kuuliza swali kwa mpango, na kuchora ubaoni kitu ambacho mtoto hawezi kukiona kwa macho yake. Chama kilipoamua kwamba vitu vyetu vionekane kwa wanunuzi kabla ya kusafirishwa, kazi ilituangukia sisi, kwa sababu watu waliona kwamba mwalimu amezoea kueleza.

Kwanza tukumbushane picha ziliingiaje katika biashara yetu. Milima ya Masisi inajulikana kwa fromaji. Vitabu vya Kiswahili huiita jibini, na darasani tunaiandika hivyo, lakini sokoni kila mtu anasema fromaji na sisi tutasema hivyo hapa. Ni fromaji ya mviringo, ya aina ya Gouda, ambalo ni jina la mji wa Uholanzi. Ufundi wake ulitoka kwa Wabelgiji, lakini mikono inayokamua, kugandisha, kutia chumvi na kuigeuza kwenye mbao ni ya hapa. Kilo moja inakula karibu lita 10 za maziwa. Ukikosea bei ya kilo moja, umemwaga ndoo nzima.

Zamani mnunuzi alipanda mwenyewe kutoka Goma. Aliingia kwenye chumba cha mbao, akaibonyeza fromaji kwa kidole gumba, akainusa, akakata kidogo, akaonja, ndipo bei ikasemwa. Nyingine ilishuka Goma ikapanda ndege mpaka Kinshasa. Lakini Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki ya mji nayo yakafunga milango, na habari ya barabara mnaijua wenyewe. Mnunuzi hataki tena kupoteza siku mbili na nauli ya pikipiki kuja kuona kitu ambacho huenda hakitamfaa. Anaomba picha kwanza.

Kwa hiyo picha imechukua nafasi ya kile kidole gumba. Tunaomba mlishike neno hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Zamani mnunuzi alibonyeza mwenyewe. Leo anatuamini sisi tumbonyezee.

Tulianza na telefone ambayo si ya bei kubwa. Umeme hatuna, tunachaji kwa paneli ya jua, na siku za mvua tunahesabu picha kama mtu anayehesabu vijiti vya kiberiti. Flashi tuliizima tangu wiki ya kwanza, kwa sababu inafanya mafuta juu ya sombe yang'ae kama plastiki na fromaji igeuke rangi ya chokaa. Ukabaki mwanga wa dirisha. Na dirisha la chumba chetu ni moja tu, upande wa kushoto wa meza.

Dirisha hilo ndilo lililotufundisha. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mwanga unaoingia ni laini, hauna kivuli kikali. Ukiuacha uje kutoka ubavuni, kila tundu la fromaji iliyokatwa linaonekana, na ganda lake linaonyesha alama za ubao. Ukipiga mwanga ukiwa mgongoni kwako, vyote vinalala bapa. Upande wa kulia tunasimamisha karatasi kubwa nyeupe, mara nyingi ile ya nyuma ya ramani ya darasani, ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Saa sita jua likiwa kali tunatundika shuka jeupe dirishani, au tunaacha kazi mpaka saa tisa.

Kila chakula kina ugumu wake. Sombe telefone inaiona nyeusi, hivyo tunagusa kioo cha telefone pale penye sombe ili isome mwanga wa pale, kisha tunaacha mawese kidogo juu yatoe rangi yake nyekundu. Bugali ni kinyume: ni nyeupe, inaungua mapema kwenye picha, basi tunaiweka mbali na dirisha na sombe tunaiweka karibu. Maharagi yaliyoiva hupendeza kwa mvuke, na mvuke hauonekani mpaka nyuma yake pawe na giza. Viazi tunavipiga vikiwa na udongo kidogo, na kimoja kikiwa kimekatwa, kwa sababu mnunuzi wa viazi anataka kujua rangi ya ndani. Na kabla ya yote tunapangusa kioo cha kamera. Telefone inayokaa mfukoni mwa mama mpishi huwa na mafuta, na mafuta hayo huleta ukungu mwingine ambao si wa Masisi.

Meza yetu ni ya mbao nzito, imechafuka vizuri kwa miaka mingi ya chai na maziwa. Hatuipaki rangi. Kwenye picha tunaweka pia mkono wa mama aliyetengeneza kitu chenyewe. Kwanza ilikuwa kwa ajili ya kipimo tu: mtu akiona mkono, anajua fromaji ni kubwa kiasi gani. Baadaye tukaona mkono unaeleza mambo mengi ambayo sisi hatuwezi kuyaandika chini ya picha. Sura ya mtu hatuiweki. Mahali pa picha kwenye telefone tumepazima, na nje barabarani hatupigi kabisa. Mnaelewa sababu, hatuna haja ya kuirefusha.

Yote hayo hatukuyapanga yawe namna yetu ya pekee. Tulikuwa na dirisha moja, meza moja na mikono iliyokuwepo. Lakini siku moja mwenye butike wa Goma alituandikia kwamba alitambua picha yetu katikati ya picha za wauzaji wengine kabla ya kusoma jina. Tulicheka, maana hilo tunalifanya kila wiki. Ukikusanya kaye 60 na watoto 5 wamesahau kuandika majina, mwalimu anajua ni za nani. Anautambua mwandiko.

Tangu siku ile neno la mwandiko limetusaidia sana tunapofanya kazi na wateja. Darasani kuna imla. Mwalimu anasoma, watoto wote wanaandika maneno yale yale. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kubadilisha neno kwa sababu yeye analipenda lingine. Hata hivyo kaye 60 zinatoka na miandiko 60. Mteja wa picha ni kama mwalimu wa imla: maneno ni yake, mwandiko ni wako.

Tuseme mifano. Butike moja ilitaka fromaji zetu kwenye kitambaa cheupe, bila meza, bila mkono, kwa sababu picha ingekaa kwenye ukurasa mmoja na sukari, sabuni na mafuta, na vyote vilikuwa kwenye weupe. Baadhi yetu tulihuzunika kidogo kuiacha meza yetu. Lakini mteja alikuwa na haki. Yeye ndiye anayejua ukurasa wake. Tulitandika shuka, tukaondoa mkono, na tukabaki na viwili tu vilivyo vyetu: mwanga kutoka kushoto, na kipande kimoja kilichokatwa ili ndani paonekane. Picha ilikuwa yao na bado ilikuwa yetu.

Mteja mwingine ana mkahawa. Alitaka sambaza, sombe na bugali vipigwe kutoka juu kabisa, kwenye sahani kubwa, na kitambaa cha kikwembe pembeni. Sisi tulizoea kupiga kwa kuinama, kama mtu aliyekaa mezani anavyoona chakula chake. Kutoka juu bugali inakuwa duara jeupe tu, haina mlima. Tulimweleza, tukampigia zote mbili, naye akachagua ya juu. Tukampa ya juu. Ile ya mezani tuliiweka kwenye faili letu. Tangu mwanzo tuna mafaili mawili: la wateja na la chama. Katika la chama tunapiga kama moyo unavyotaka, hata picha moja tu baada ya kazi ya mteja kuisha, chakula kikiwa bado na moto. Mwandiko usipofanyiwa mazoezi unaharibika, na mazoezi hayo hakuna mteja atakayeyalipia.

Mtu asidhani kwamba jambo hili lilianza na telefone. Karibu mwaka 1615, mwanamke mmoja wa kule Ubelgiji ya leo, jina lake Clara Peeters, alichora kwa rangi meza yenye fromaji, lozi, tini na mkate. Picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, mji wa The Hague, Uholanzi. Siku zile hapakuwa na kamera, na picha za vyakula zilinunuliwa na watu wenye nafasi kupamba nyumba zao. Meza ilikuwa ya kupendeza mnunuzi: fromaji kubwa zimepangwa moja juu ya nyingine, zimekatwa ili ndani paonekane, kama tunavyofanya sisi. Lakini ukiangalia kisu kilicho mbele ya meza, jina lake limeandikwa kwenye kisu hicho. Na ukiangalia mfuniko wa mtungi, kwenye ule mng'ao kuna sura ndogo sana ya mwanamke. Ni yeye mwenyewe. Mnunuzi alipata fromaji zake zote, na Clara akabaki humo miaka zaidi ya 400, kwenye mfuniko.

Na wa kwetu tunaye. Kiripi Katembo alizaliwa Goma mwaka 1979, akafanya kazi yake Kinshasa, akafa mwaka 2015 akiwa bado kijana. Watu wa mji ule hawakupenda kupigwa picha barabarani, na sisi tunaelewa vizuri jambo hilo. Basi akaielekeza kamera chini, kwenye madimbwi ya maji ya mvua. Humo aliona majengo, magari na wapita njia wakiwa kinyume. Akazigeuza picha juu chini, na Kinshasa ikasimama ndani ya maji, mawe na takataka za dimbwi zikielea kama nyota mchana. Picha hizo zimeonyeshwa Ulaya katika nyumba kubwa za sanaa. Namna yake ilitoka kwenye kizuizi. Nasi tukiambiwa shuka jeupe, tunamkumbuka, hatununi.

Sasa tufike kwa mnunuzi aliyeleta maneno.

Yeye alitaka fromaji nyingi, nyingi kuliko wote kabla yake. Zilizokuwa tayari kwenye mbao zetu zilikuwa za wiki mbili. Fromaji ya wiki mbili ni nzuri, lakini ni laini, imepauka, ladha yake bado ni ya maziwa. Alituambia: pigeni picha ya ile ya zamani iliyo nyumbani kwa mama mzee, ile ya miezi, yenye rangi ya dhahabu na ganda gumu. Picha hiyo angewaonyesha wateja wake wa mjini, kisha apeleke hizi za wiki mbili. Bei kwetu ingekuwa ya fromaji changa, bei kwake ingekuwa ya ile ya dhahabu. Akaongeza kwamba mkono uendelee kuwepo, kwa sababu watu wa mjini wanaupenda.

Katika mkutano kulikuwa na pande mbili, na zote zilisema maneno ya maana. Mama mmoja alisema: fromaji ya mama mzee si ya Ulaya, ni ya Karuba hii hii, ng'ombe ni wa kilima hiki hiki, uongo uko wapi? Mwingine alisema: sisi tunauza kwa bei yetu, yeye atawaambia nini wateja wake ni shauri lake. Wa tatu hakubishana, alitaja tu tarehe ambayo mwanawe angefukuzwa shuleni. Hakuna aliyekuwa na jibu kwa huyo wa tatu, na sisi hatukuwa nalo.

Kuhusu yule wa kwanza, tungependa kusimulia habari moja ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Campbell, inayouza supu ya makopo, ilikuwa inaonyesha supu yake katika matangazo. Mboga na nyama za supu huzama chini ya bakuli, juu hubaki maji tu. Wapiga picha wakaweka goroli chini ya bakuli, zile za kioo ambazo watoto huchezea, na mboga zikasimama juu yake zikajaa hadi ukingoni. Jambo lilifika kwenye tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha. Tunaipenda habari hii kwa sababu mboga zilikuwa za kweli, na supu ilikuwa ile ile ya kopo. Hakuna kitu hata kimoja kilichoonekana ambacho kilikuwa bandia. Uongo ulikuwa chini, pasipoonekana.

Fromaji ya mama mzee ingekuwa goroli yetu. Ni ya kweli, ni ya Karuba, na kazi yake kwenye picha ingekuwa kuinua kitu kisichoweza kusimama chenyewe.

Na kuhusu yule wa pili, hapo ndipo kidole gumba kinarudi. Mteja akisema shuka, tunatandika shuka. Akisema kutoka juu, tunapanda kwenye kiti. Akisema kijani zaidi, tunatafuta sombe changa. Hayo ni maneno ya imla yake. Lakini akisema tumbonyezee mtu fromaji ngumu, kisha apelekewe laini, hapo hajaomba namna ya kuandika. Ameomba tuandike jambo lisilo kweli kwa mwandiko wetu, na mkono wa mmoja wetu uwe juu yake kama sahihi. Mkono ule si pambo. Mwenye mkono anajulikana kwa jina katika vilima hivi, na watu wa mjini wanaoupenda wameanza kuuamini. Mtu mmoja akidanganywa nao mara moja, atawaambia wengine kumi kwamba fromaji ya Masisi ni ya picha tu.

Tulimwandikia mnunuzi kwa heshima. Tulimpa njia mbili: tupige zile za wiki mbili jinsi zilivyo, na chini tuandike umri wake, au asubiri ziive. Hakuchagua yoyote. Alinunua kwingine.

Hatutaficha gharama. Fromaji zile zilikaa. Nyingine ziliuzwa sokoni kwa bei ya chini, kidogo kidogo. Nyumba mbili zilichelewa kulipa shule, na mtoto mmoja alikaa nyumbani wiki nzima mpaka likelemba ikamwokoa. Sisi walimu tulimwona akipita na ndoo saa za masomo. Mtu asiseme kwamba ukweli unalipa papo hapo. Tulichofanya kilikuwa sawa, na kiligharimu watu ambao hawakuchagua peke yao. Ndiyo maana tunaona si vizuri uamuzi kama huo ubaki mikononi mwa wapiga picha. Tumeandika kanuni chache, na tunaomba chama kizijadili, kizibadilishe, kizipigie kura.

Ya kwanza: kitu kinachopigwa picha ndicho kitakachopelekwa, au ndugu yake wa siku ile ile, kutoka ubao ule ule. Umri wa fromaji uandikwe.

Ya pili: kabla ya kupiga, tumuulize mteja maswali manne. Picha itaonekana wapi? Itakuwa kubwa au ndogo? Itatumika kwa muda gani? Nani ataiangalia? Ugomvi mwingi na wateja hutoka kwenye jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

Ya tatu: tukubaliane picha ni ya nani. Hapa Kongo kuna sheria ya haki za watunzi, nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na picha za kamera zimo ndani yake. Mteja akilipa, anapata ruhusa ya kutumia picha kwa kazi iliyotajwa. Hapati ruhusa ya kuibandika kwenye fromaji ya mtu mwingine. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, au hata ujumbe kwenye telefone, mradi uhifadhiwe.

Ya nne: picha zitumwe kama dokima, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Ukituma kawaida, WhatsApp inaibana picha na zile alama za ganda zinapotea. Inakula mega zaidi, lakini mteja anapata tulichokiona. Mega hizo ziingizwe kwenye bei.

Ya tano, na hii tunaiomba kwa moyo: chakula cha picha kiliwe. Kuna sehemu za dunia ambako wapiga picha wa matangazo huweka gundi mahali pa maziwa na mafuta ya gari mahali pa asali, kwa sababu hukaa vizuri zaidi mbele ya kamera. Kisha vyote vinatupwa. Hapa kuna nyumba zinazolala na familia tatu zilizokimbia kutoka vilima vingine. Hatuwezi kupamba sahani mchana halafu tukaimwaga jioni, watoto wakituangalia dirishani. Chakula chetu kinapigwa picha kikiwa chakula, kwa haraka, na kikiisha kupigwa kinaitwa kwa jina lake na kugawanywa. Tumegundua pia kwamba sahani ambayo watu wanaingojea huwa na picha nzuri zaidi. Labda ni kwa sababu aliyeipika hakuipika kwa ajili yetu.

Kwa wadada wanaotaka kujifunza: Jumamosi baada ya mkutano, kabla ya saa nne, njooni na telefone yoyote, kipande cha shuka jeupe, na kitu kimoja cha kula kutoka nyumbani, hata kiazi. Tutawapa imla: wote mtapiga kitu kile kile, kwenye dirisha lile lile. Kisha tutaziweka picha pamoja bila majina na kuona kama tunaweza kutambuana.

Zile fromaji zilizobaki bado ziko kwenye mbao. Mama mzee anazigeuza kila asubuhi na kuzipangusa kwa kitambaa cha chumvi. Panya wasipotutangulia, mwisho wa muhula huu zitakuwa na lile ganda gumu na ile rangi ya dhahabu. Siku hiyo tutafungua dirisha mapema, ukungu ukiwa bado bondeni, na tutazipiga picha. Yule mnunuzi tutamtumia pia.